Anza na besi: kusahihisha kodi zilizokisiwa na programu

Programu ya kukisia kodi za nyimbo (chords, noti kadhaa zinazolia pamoja) ikikuandikia F#dim katikati ya pambio la kodi tatu, jua mpiga besi alinyamaza. Kosa hili nimelikuta kwenye nyimbo nyingi kiasi kwamba siku hizi halinishangazi, na chanzo chake kinaelezeka kwa noti nne. D7 ina D, F#, A na C. Katika bendi, ile D nzito huwa mikononi mwa mpiga besi, wengine huku juu wanagawana zilizobaki. Akinyamaza mapigo mawili, pengine anajiandaa kuingia kwa kishindo kwenye kibwagizo, hewani zinabaki F#, A na C, na hizo tatu zikiwa peke yake jina lake ni F#dim. Programu haijadanganya, imeandika ilichosikia. Anayeumia ni kijana wa gitaa aliyeshinda jioni nzima akipinda vidole kutafuta kodi ambayo hakuna aliyeipiga.

Napiga gitaa la rithim kwenye kwaya ya vijana hapa Morogoro, na kwa kuwa sijui kukataa kazi, uandaaji wa kodi za kila wiki umebaki kwangu. (Kodi za muziki, si zile za TRA.) Mwalimu wa kwaya hutuma nyimbo kwenye grupu la WhatsApp siku ya Alhamisi, mazoezi ni Jumamosi jioni, na hapo katikati lazima mtu awe amezichambua. Zamani hii ilikuwa kazi ya kaseti: unacheza, unasimamisha, unarudisha nyuma, unagombana na wenye nyumba waliochoka kusikia mstari mmoja. Siku hizi naingiza wimbo kwenye programu ya kujifunzia muziki, nasubiri kidogo, na safu ya visanduku inatokea, kila pigo na kisanduku chake, kila kisanduku na kodi yake, na kishale kinatembea pamoja na wimbo. Bando likiwepo, kazi imeisha kabla chai haijapoa. Yaani ingekuwa imeisha, kama visanduku vingekuwa sahihi.

Mabishano kuhusu programu hizi nimeyachoka. Huku wako vijana wanaozifuata mpaka shimoni, kule wako wazee wa dansi wanaosema sikio halina mbadala, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nina jambo dogo tu. Makosa ya mashine hizi hayaji ovyo. Yana tabia, yanajirudia, na ukishajua mashine inasikilizaje unaweza kukisia ilipokosea hata kabla hujaucheza wimbo.

Inasikilizaje basi? Inaikata sauti vipande vidogo vidogo, vingi ndani ya sekunde moja, na katika kila kipande inapima ni masafa gani yana nguvu. Kisha inafanya jambo ambalo ndilo mzizi wa matatizo yetu mengi: inakunja oktava zote ziwe moja. D ya besi, D ya gitaa na D ya sauti ya kwanza zote zinatiwa kwenye fungu moja la D, na mwishowe yanabaki mafungu 12 tu, kuanzia C hadi B. Ni kama kuwapanga wanafunzi wa shule nzima kwa majina ya kwanza: akina Juma wote mstari mmoja, wa darasa la kwanza na wa darasa la saba. Takuya Fujishima aliieleza njia hii mwaka 1999 akiwa Stanford, Marekani, na pamoja na mitandao ya neva (programu zinazojifunza kwa mifano) iliyokuja baadaye, wazo la mafungu 12 bado halijaondoka. Mafungu yakishajaa hulinganishwa na sura za kodi zinazojulikana, na inayofanana zaidi ndiyo inayoandikwa. Kwenye programu rahisi sura hizo ni 24 tu, meja 12 (zenye mlio wa shangwe) na maina 12 (zenye mlio wa huzuni). Kodi yako isipokuwemo, itabatizwa jina la jirani.

Halafu kuna suala la nani aliyeifunda. Mashine hujifunza kwa nyimbo ambazo binadamu ameshaziandikia kodi. Mkusanyo uliotumika sana katika utafiti ni wa nyimbo 180 za Beatles, bendi ya Uingereza, alizoziandikia kodi Christopher Harte wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, kila badiliko na wakati wake. Mwingine mkubwa ulitengenezwa chuo kikuu cha McGill, Kanada, kwa nyimbo zilizoingia kwenye chati za Billboard za Marekani kati ya 1958 na 1991. Sina ugomvi na Beatles. Ila mashine iliyofundwa huko inakuja kwetu na matarajio yake: wimbo utembee nne kwa nne, besi itue pale pale kodi inapobadilika, gitaa lishike kodi na mtu aimbe juu yake. Ipelekee rumba ya magitaa matatu uone inavyoweweseka.

Tuchukue mstari mmoja tuutazame kwa karibu. Ni pambio lililo kwenye G, kibwagizo cha vipimo vinane. Programu ilinipa hivi:

G – Bm – C – Am – G – D – F#dim – G

Nilichowapelekea vijana ni hiki (G/B ni G ambayo besi yake ni B):

G – G/B – C – C – G – D – D7 – G

F#dim tumeshaimaliza. Tazama Bm. Ina B, D na F#, wakati G ina G, B na D, kwa hiyo zinashirikiana noti mbili kati ya tatu. Mpiga besi kwenye rekodi hiyo anapanda kutoka G kwenda C kwa kupitia B, na anaikanyaga B kwa nguvu. Fungu la B linafurika, mashine inakata shauri kwamba B ndiye mwenye nyumba, yaani noti inayoipa kodi jina lake. Namna ya kuhakikisha haihitaji kifaa chochote: cheza kipande hicho huku ukiimba F#. Kama hiyo ni Bm kweli, sauti yako itazama humo itulie. Kama ni G juu ya B, F# yako itakwaruzana na G ya kinanda mpaka mwenyewe ukunje uso. Ilikwaruza.

Am nayo ilitoka kwa waimbaji. C ina C, E na G, na Am ina A, C na E. Sauti ya pili walikuwa wanaanza kipimo hicho kwenye A, wanaivuta mapigo mawili, ndipo wanashuka kwenye G. Kwa anayesoma notisolfa ni "re" inayoshukia "do", jambo la kawaida kabisa, utamu wa mstari wenyewe uko hapo. Mashine haina habari ya utamu, imekuta A nyingi kuliko G. Nikasikiliza besi: imekaa C mwanzo mpaka mwisho. Basi ni C, na ile A ni ya waimbaji, waachiwe wenyewe.

Kwa hiyo raundi ya kwanza sigusi kodi yoyote. Nasikiliza besi peke yake, naiimba kwa sauti, na kuandika herufi zake kwenye karatasi. Hapa kuna jambo watu hawalitilii maanani: usisahihishe kodi kwa spika ya simu. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi, ile E, unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kutoa sauti hiyo. Unachosikia ni mwangwi wake wa juu, na ubongo unakujazia pengo, mara nyingine vibaya. Earphone za bei ya chini kabisa pale stendi zinashinda spika ya simu ya bei mbaya. Na kama rekodi imejaa makelele, siku hizi unaweza kuitenga besi kabisa. Tangu Deezer, kampuni ya muziki ya Ufaransa, ilipoitoa Spleeter bure mwaka 2019, programu za kutenganisha sauti ya mwimbaji, ngoma na besi zimekuwa nyingi, na baadhi ya programu za kujifunzia muziki zinafanya hivyo zenyewe. Besi ikishatengwa, nusu ya maswali yanajijibu.

Ila hata kabla ya besi kuna pigo, na pigo likikaa vibaya utasahihisha mpaka uzeeke. Chakacha hutembea sita kwa nane, yaani mapigo madogo sita kwa kila kipimo, na mapambio mengi tunayoimba ni hivyo hivyo. Ndani ya muda ule ule, mguu unaweza kukanyaga mara mbili na makofi yakapigwa mara tatu, na anayecheza haoni shida yoyote. Mashine inaona shida. Inaufuata mguu ubeti wa kwanza, makofi yanapopanda inayafuata makofi, na visanduku vinaanza kukata nyimbo mahali pasipo pake. Matokeo yake ni kodi za kuzimu. Kisanduku kimoja kikibeba nusu ya G na nusu ya C, ndani yake mna G, B, D, C na E, na humo Em inapatikana bila taabu: E, G, B, zote zipo. Ukiona Em, Am na Em tena zimejaa kwenye wimbo wa shangwe, usianze kuzibadilisha moja moja. Nenda kwenye mpangilio wa mapigo, chagua tatu au sita, sogeza pigo la kwanza mpaka likae panapostahili, kisha tazama tena. Nyingi zitakuwa zimeondoka zenyewe. Programu nyingine zinahesabu mwendo mara mbili ya ulivyo, au nusu yake. Hilo ni la kubonyeza mara moja tu.

Na kuna rekodi za zamani. Hizi zinahitaji uvumilivu, kwa sababu tatizo haliko kwenye programu wala kwenye bendi. Sauti ya A ya kimataifa ni 440 kwa sekunde. Santuri ikizunguka taratibu kidogo, au mkanda ukanyooka kwa miaka mingi kabla mtu hajaugeuza faili la MP3, A hiyo inaweza kushuka mpaka 427 hivi, na hapo iko katikati kabisa ya A na Ab, noti jirani iliyo chini yake. Mashine haina kisanduku cha katikati. Mstari huu inaandika A, unaofuata Ab, kisha A tena, utadhani mwimbaji anapandisha na kushusha ufunguo kila anapovuta pumzi. Anayejifunza atakuambia bendi za zamani zilikuwa ngumu! Chukua kiyunia, kile cha kulinganishia nyuzi, kisikilizishe noti moja iliyovutwa, ujue wimbo umeshuka kiasi gani, kisha upandishe wote kwa kiasi hicho kabla ya kuomba kodi upya. Programu ambazo hazina uwezo huo, fanya kazi hiyo nje na uingize faili lililonyooshwa. Kusahihisha kodi kwa mkono kwenye wimbo uliopinda ni kujitesa.

Mji huu ulikuwa wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba, kwa hiyo mzee aliyewahi kushika gitaa la dansi hukosi kumpata. Mmoja tunaishi naye mtaa mmoja, alipiga rithim miaka ya sabini, na ninapokwama na wimbo wa magitaa mengi huwa napita kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, hiyo simu yako inasemaje leo?"

Siku ninayoisema ilikuwa inasema C, Dm, Em, F, Em, Dm, C, mbio mbio, kodi moja kwa kila pigo. Akaweka earphone moja sikioni, akafumba macho, akaanza kucheka.

"Mwanangu, mwenye rithim hapo amekaa C. Hajasogea. Wanaotembea ni solo na mwenzake."

Ndivyo ilivyo. Magitaa mawili ya juu yanapotembea bega kwa bega, moja likitoa C lingine linatoa E, kisha D na F, kisha E na G, kisha F na A. Kila jozi ni theluthi mbili za kodi fulani, na mashine inakamilisha theluthi iliyobaki kwa kukisia: C na E inaita C, D na F inaita Dm, E na G inaita Em, F na A inaita F. Kwenye rumba na benga, ambako magitaa hayapumziki, utakuta ukurasa mzima umejaa kodi za namna hii. Alama zake hazifichiki: kodi ni fupi mno, zinafuatana kwa majirani, zinapanda halafu zinashuka kwa njia ile ile, na muda wote huo besi haijabadilisha nyendo zake. Zifute zote. Andika C moja ndefu. Anayejifunza solo atajifunza solo kama solo, noti kwa noti, na wa rithim atapumzika.

Kwa wale wanaopenda za Kongo, kuna gitaa jingine linaloishi kati ya solo na rithim, mi-composé, ambalo waya wake wa nne umetolewa ukawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu. Programu itakupa kodi zake sawasawa, maana oktava kwake si kitu, na bado ukizipiga kwenye gitaa la kawaida hutapata ule mlio hata kidogo. Hapo hakuna cha kusahihisha, ni kuandika maelezo pembeni.

Tabia nyingine ya mashine ni kupenda meja. Si upendeleo tu wa nyimbo ilizofundwa, ni mambo ya sauti yenyewe. Waya mmoja wa C ukiupiga, ndani yake kuna C za juu, kuna G, na kwa mbali kuna E. Yaani kodi ya C meja imejificha ndani ya noti moja. Kwa hiyo gitaa likipiga C na G tu, bila ya katikati, kama wapiga gitaa wengi wa kuabudu wanavyopenda siku hizi, mashine inaokota ile E ya mbali na kuandika C meja. Kwenye wimbo wa maombolezo hilo linaweza kuharibu kila kitu, kwani mwimbaji anakuja juu na Eb na kijana wa kinanda anamjibu na E. Ukitilia shaka, acha vyombo, fuata mwimbaji. Popote atakapoigusa noti ya tatu, E au Eb, utajua kama nyumba ni ya meja au maina. Na kama haigusi kabisa wimbo mzima, andika C5, yaani C na G tu, uwaache watu na uhuru wao.

A# kwenye wimbo wa F nalifuta bila kufikiri naandika Bb. Programu nyingi haziangalii wimbo uko ufunguo gani zinapochagua jina, na mwanafunzi akikutana na F, A#, C hataona kwamba hizo ni kodi ya kwanza, ya nne na ya tano tu za ufunguo huo, zile zile anazozijua kwenye G.

Hapo waliolelewa na notisolfa wana bahati. John Curwen aliposambaza d, r, m zake Uingereza karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, hakuwa anawaza programu za simu, lakini mfumo ule ulioletwa huku na wamisionari umeziacha kwaya zetu na kitu ambacho programu hizi hazina: "do" inayohama na wimbo. Mwalimu wa kwaya wa kijijini asiyejua G ni ipi anaweza kukuambia bila kusita kwamba hapo ni kodi ya nne na si ya pili. Ninaposahihisha nawaza kwa namba kwanza, herufi baadaye. Programu ikisema Am kwenye G, hiyo ni ya pili. Je, pambio la namna hii huwa linakwenda ya pili mahali hapa, au linakwenda ya nne? Mara nyingi sikio linajibu kabla swali halijaisha.

Sasa, kodi zikishakuwa sahihi bado hazifai kugawiwa. Mwalimu wetu anapenda Eb kwa sababu sauti ya kwanza wanaifikia ile ya juu bila kupiga kelele. Mpe kijana wa miezi michache ya gitaa Eb, Ab na Bb, umemfukuza kwaya. Kepo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye kiti cha kwanza cha shingo ya gitaa na umbo la D linampa D, G na A, na wimbo unalia Eb kama mwalimu anavyotaka. Kepo kiti cha tatu na umbo la C nayo inafika Eb, ila humo kuna F, na F ndiyo inayowaliza wanaoanza. Mimi huandika ya kwanza. Mpiga kinanda wetu naye anapiga kila kitu kwenye C halafu anabonyeza transpozi, kitufe cha kuhamisha ufunguo, kwa hiyo karatasi yake haifanani na ya mtu mwingine yeyote.

"Kaka, mbona kwangu umeandika C na kwao D?" aliniuliza kijana aliyekuja kumsaidia.

"Kwa sababu kinanda chako kiko transpozi ya tatu, na wao wana kepo kiti cha kwanza. Wote mnatokea Eb."

Aliniangalia kwa mashaka mpaka walipoanza kupiga.

Hapa ndipo sikubaliani na wenzangu wanaosahihisha kupita kiasi. Kuna mtu ukimpa wimbo wa kodi tatu anakurudishia kodi za mapambo, sus4, add9 na maj7, kila kisanduku, kwa sababu amesikia mwimbaji akipita kwenye noti ya nne akaiandikia kodi. Kila alichoandika kinasikika kweli kwenye rekodi. Lakini karatasi ya kodi ni ya anayeshika kodi, haihitaji kubeba mstari wa mwimbaji, kinubi na filimbi. Swali langu ni moja: mpiga rithim kwenye rekodi alisogeza mkono? Kama hakuusogeza, sibadilishi kisanduku.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo jibu haliko moja. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi, Hendrik Vincent Koops na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapa wataalamu wanne nyimbo zile zile 50, kila mmoja aandike kodi kivyake. Walitofautiana, na si kidogo, kila mmoja na ala anayoipiga na mazoea yake. Ukilijua hilo unapunguza ubishi. Mimi na mpiga kinanda tuna wimbo ambao yeye anaandika Am7 na mimi C6. Noti ni zile zile, A, C, E na G. Tunachobishania ni nani mwenye nyumba, na mpiga besi, ambaye angeamua, kila Jumapili anapiga tofauti. Kila mmoja amebaki na karatasi yake.

Taarab siigusi kwa programu, ile ya asili hasa. Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, ala za kanuni na udi hazikuzaliwa kwenye mafungu 12. Wimbo ukiwa kwenye maqam (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya rast kuanzia C, noti ya tatu inakaa kati ya E na Eb, kwa makusudi, na fidla inaijua nyumba yake vizuri sana. Mashine inarusha C, Cm, C, Cm, wimbo mzima, na kila moja ni kosa. Maqam ya ajam inaisoma kama meja na ya nahawand kama maina, na modern taarab ya vinanda haina taabu kubwa, lakini kwenye maqam za rast na bayati nafuta visanduku vyote, naweka alama ya hakuna kodi, na juu naandika jina la maqam na noti inapoanzia. Kijana anayetaka kuusindikiza wimbo huo kwa gitaa ni heri ajifunze kushika noti moja ya chini na kunyamaza kwingine.

Kazi ikiisha siiachi ndani ya programu. Riffstation, programu ya kodi iliyokuwa mikononi mwa Fender, watengeneza magitaa, na iliyopendwa sana na wanaojifunza gitaa, ilizimwa mwaka 2018, na programu yoyote inayoishi kwenye intaneti inaweza kufuata. Naandika faili la maandishi ya kawaida kwa mtindo wa ChordPro, kodi ndani ya mabano ya mraba mbele ya silabi inapobadilikia, [D] hapa, [G] pale, faili dogo linalopita WhatsApp hata bando likiwa la kuungaunga. Juu kabisa naweka ufunguo wa rekodi, ufunguo tutakaoimbia, kepo, na nani aliyesahihisha mara ya mwisho, ili anayetaka kubishana ajue pa kwenda. Wimbo ukirudi mwakani na mwalimu akaamua sauti ya kwanza wamekomaa, sasa uwe F, sibadilishi kodi hata moja ya vijana wa gitaa: nafuta "kepo 1" naandika "kepo 3". Mpiga kinanda atajua mwenyewe cha kubonyeza.